Zana za kubadili cheni na sproketi: grenda na nyundo, kivunja cheni kidogo, au seti kamili?

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na kwa kazi nyingi za pikipiki nakubaliana nao. Kumwaga oili, kukaza breki, kusafisha plagi: spana chache nzuri zinatosha, mkono unamaliza yaliyobaki. Cheni ni habari nyingine. Hapa zana ndiyo inayoamua kama pini imekaa sawasawa au imekaa nusu, na pini iliyokaa nusu hujitangaza ukiwa barabarani. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kujikunja kwenye sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) ya mbele ikapasua injini ubavuni, au ikanasa na kulifunga gurudumu la nyuma.

Ndiyo maana naelewa mtu anayekwama kati ya kununua kisanduku kikubwa chenye vipande ishirini na kutumia grenda iliyopo nyumbani. Ila wengi huanza kwa kuitazama zana, na hapo ndipo wanapopotea. Zana inayotosha kwa cheni ya pikipiki ndogo inaweza kupinda kwenye cheni ya pikipiki kubwa, na seti nzito inayohitajika kwa pikipiki kubwa inaweza kukaa kabatini miaka mingi kwa mwenye ndogo. Anza kwa kuitazama pikipiki yako.

Soma pikipiki kabla ya kusoma bei

Namba ya cheni imechapwa kwenye mabamba yake ya pembeni. Tarakimu ya kwanza inaeleza umbali wa pini hadi pini kwa mafungu ya nane ya inchi: cheni inayoanza na 4 ina 12.7 mm, inayoanza na 5 ina 15.875 mm. Tarakimu mbili zinazofuata zinaeleza upana wa ndani, pale jino la sproketi linapoingia. Cheni za 420 na 520 zina 6.35 mm, 428 na 525 zina 7.94 mm, na 530 ina 9.53 mm. Kila zana ya cheni ina namba inazoziweza. Usipoziona kwenye mwili wake au kwenye karatasi yake, iache dukani.

Kisha tafuta linki iliyofungia cheni, yaani kiungo kinachounganisha ncha zake mbili. Zungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa kabisa. Vidole vingi vilivyopotea kwenye cheni vilipotea mtu akiisafisha huku injini inazungusha gurudumu. Ukiona kibamba chembamba chenye umbo la samaki, upande mmoja umefumba na mwingine uko wazi kama mkia, kimezishika pini mbili, hiyo ni linki ya klipu. Ukiona pini mbili ambazo vichwa vyake vimetanuliwa tofauti na jirani zao, mara nyingi vikiwa na kishimo katikati, hiyo ni linki ya riveti. Angalia pia kama kati ya mabamba kuna viduara vya mpira. Hizo ni oringi, kazi yake ni kufungia grisi ndani ya pini, na zinabadilisha kabisa namna ya kuifunga cheni kwa sababu bamba la linki ya oringi huwa limebana na halisukumwi kwa kidole.

Mwisho, fungua kava la sproketi ya mbele. Utakuta moja kati ya mambo matatu: kibamba chenye meno kilichoshikwa kwa bolti mbili ndogo, kama ilivyo kwenye Honda CG125, klipu ya duara, au nati moja kubwa yenye washa iliyokunjwa ili isilegee. Hicho unachokiona kitakuambia kama kazi yako ni ya nusu saa au ya nusu siku.

Kama bado una shaka iwapo wakati wa kubadili umefika, nyoosha cheni, pima pini 21, yaani nafasi 20. Cheni mpya ya familia ya 4, yaani inayoanza na 4, itasoma 254 mm, ya familia ya 5 itasoma 317.5 mm. Vitabu vya pikipiki zenye cheni za familia ya 5 huweka kikomo mahali fulani kati ya 319 mm na 323 mm. Ikiwa imepita, au meno ya sproketi yamechongoka na kulala upande mmoja kama mawimbi, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyolala huisha upesi.

Sasa tulinganishe. Kila njia nitaiuliza maswali manne yale yale: inafungua nini, inafunga nini, inakosea wapi, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: grenda, punchi na nyundo

*Inafungua nini.* Cheni yoyote. Grenda haina habari na namba. Unasaga vichwa vya pini mbili za linki moja mpaka vilingane na bamba, unaiegemeza linki juu ya nati kubwa au kipande cha chuma chenye tundu, kisha unazisukuma pini nje kwa punchi, kijiti cha chuma kinachogongwa kwa nyundo. Kama cheni ni nzee na inakwenda kutupwa, huna hata haja ya adabu hiyo: kata bamba moja, imekwisha. Asiye na umeme anaweza kusugua vichwa kwa tupa. Itachukua muda, lakini inawezekana.

*Inafunga nini.* Kwa uhakika, linki ya klipu ya cheni isiyo na oringi, basi. Bamba linaingia kwa mkono, klipu inasukumwa kwa plaizi. Kwa linki ya riveti, wapo mafundi wa miaka mingi wanaotanua pini kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, chuma kizito kikiwa kimekingwa nyuma, na kwenye cheni za 428 zisizo na oringi kazi yao imesafiri mbali. Sitawadharau. Wanayo masikio: wanajua kwa mlio wa nyundo pini imefika wapi. Lakini mlio huo haufundishwi kwa maandishi, na anayefanya kazi hii mara moja kila baada ya miaka miwili hana nafasi ya kuujifunza.

*Inakosea wapi.* Kwanza cheche. Zinaruka mbali kuliko unavyodhani, na tangi la petroli liko juu yako. Funika tairi na plastiki kwa kitambaa kilicholowa maji, vaa miwani ya kinga, na ondoa kopo lolote la petroli ulilokuwa ukisafishia. Pili joto. Ukiwa unafupisha cheni mpya ya oringi, grenda ikikaa sekunde nyingi mahali pamoja huchoma mpira wa linki jirani ambayo bado unaitaka. Gusa, inua, gusa tena. Tatu nyundo yenyewe: ukiigonga pini wakati cheni imekaa kwenye sproketi ya mbele, kishindo chote kinaingia kwenye bearingi za giaboksi. Fanya kazi hiyo katikati ya cheni, ikiwa imekingwa na chuma, kamwe si juu ya sproketi ya mbele.

*Inamfaa nani.* Mwenye grenda tayari, mwenye cheni ya kawaida inayofungwa kwa klipu, na mwenye mkono uliozoea vyuma. Inamfaa pia kila mmoja wetu kama hatua ya kwanza, hata akiwa na seti ya kifahari, kwa sababu nitakayoieleza hapo chini.

Njia ya pili: kivunja cheni kidogo pamoja na linki ya klipu

Hiki ni kifaa cha kiganjani: mwili wenye umbo la U, skrubu ndefu, na kipini kigumu mwishoni. Unaikaza skrubu kwa spana, kipini kinasukuma pini ya cheni itoke upande wa pili. Hakina umeme, hakina kelele, kinaingia chini ya kiti.

*Inafungua nini.* Cheni za 420 na 428 kwa raha. Vingi huandikwa kwamba vinafika hadi 520 au 530, na vingine kweli vinafika, ila kipini chembamba hakikuumbwa kusukuma kichwa kilichotanuliwa cha pini nene. Saga kichwa kwanza. Hii ndiyo sababu niliyoiahidi: watengenezaji wa cheni na wa zana hushauri vichwa vya pini visagwe kabla ya kusukumwa, na wanaoruka hatua hiyo ndio wanaorudi na kipini kilichovunjika. Anayesema kifaa chake ni kibovu, muulize kwanza kama alisaga.

*Inafunga nini.* Chenyewe mara nyingi hakifungi kitu. Unategemea klipu. Kuna linki za klipu za oringi pia, hasa za 520 kwa pikipiki za njia za vumbi, lakini bamba lake linahitaji kusukumwa sawasawa pande zote mbili. Baadhi ya vivunja cheni huja na kipande cha kufanya hivyo, vingine havina. Uliza kabla ya kununua.

*Inakosea wapi.* Kipini kisipolenga katikati kabisa kinapinda. Rudisha skrubu, lenga upya, usikaze kwa hasira. Chagua kifaa ambacho vipini vyake vya akiba vinauzwa. Kisicho na akiba ni kifaa cha safari moja.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye klipu, nami nalijua kwa sababu nililifanya. Kanuni ni kwamba upande uliofumba wa klipu utangulie kule cheni inakokwenda, ili kitu kikiigonga kisiisukume kutoka. Nilifunga linki nikiwa nimelala chini, cheni ikiwa upande wa chini, na nikaelekeza upande uliofumba mbele ya pikipiki. Lakini cheni huenda mbele upande wa juu tu. Upande wa chini inarudi nyuma. Klipu yangu ilikuwa kinyume, na siku chache baadaye nilipokuwa natia oili nikakuta haipo, bamba limesogea karibu kudondoka. Tangu siku hiyo nafungia linki juu ya sproketi ya nyuma, mahali meno yanaposhika ncha zote mbili za cheni na mwelekeo unaonekana wazi, kisha nazungusha gurudumu na kuiangalia tena ikiwa juu.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikipiki ndogo au ya kati ambayo ilitoka kiwandani na linki ya klipu. Msafiri anayetaka kitu cha kubeba. Anayeishi mahali grenda haiwezekani. Haimfai mwenye pikipiki yenye nguvu ambayo kitabu chake kinataka riveti. Klipu kwenye cheni hiyo ni ya kukufikisha mahali pa kuifunga ipasavyo, tena kwa mwendo wa pole.

Njia ya tatu: seti kamili ya kukata, kubana na kutanua

*Inafungua nini.* Kwa kawaida 520, 525 na 530, na baadhi pia 428. Usidhani kwamba seti kubwa inaziweza ndogo: nyingi zina vipande vinavyokaa vizuri kwenye cheni za familia ya 5 na vinavyocheza kwenye 428. Mwili ni mzito, kipini ni kinene, mpini ni mrefu, na pini iliyosagwa kichwa inatoka bila kelele.

*Inafunga nini.* Hapa ndipo seti inapojilipia. Inafanya kazi mbili ambazo njia zile nyingine haziwezi kwa uhakika. Ya kwanza ni kubana bamba. Unapaka grisi iliyokuja na linki, unavalisha oringi zote nne, mbili kila pini, kisha unabana bamba kidogo kidogo, ukipima kwa kalipa (kipimo chenye taya cha milimita) upana wa linki hiyo na upana wa linki jirani. Vikilingana, umefika. Ya pili ni kutanua. Ncha ya chuma inaingia kwenye kishimo cha pini na kuipanua. Mtengenezaji wa cheni hutoa kipenyo ambacho kichwa kinapaswa kufikia, pamoja na nafasi ndogo ya chini na juu yake. Unakaza robo mzunguko, unatoa, unapima. Tena. Ukifika, washa tochi uangalie kichwa pande zote: ufa wowote, hata mwembamba kama unywele, unamaanisha linki hiyo haifai, na hairudiwi. Unachukua mpya.

Pini nyingi za linki za riveti zina kishimo, lakini zipo zisizo nacho, na hizo zinataka ncha ya umbo tofauti. Angalia linki uliyonunua kabla ya kuchagua seti. Na linki iwe ya mtengenezaji yule yule na ya modeli ile ile ya cheni. Kuandikwa 525 pande zote mbili hakutoshi, kwa sababu urefu wa pini na unene wa bamba hutofautiana.

*Inakosea wapi.* Kubana kupita kiasi: oringi zinapondeka, linki inakuwa ngumu kukunjika, na gurudumu likizunguka utaihisi ikigugumia kila inapopita kwenye sproketi. Kutanua kupita kiasi: kichwa kinapasuka. Makosa yote mawili yanatokana na kutopima, na hakuna seti inayokuzuia kuyafanya. Seti dhaifu nazo zina ugonjwa wao: nyuzi za skrubu kubwa huliwa. Zipake grisi kila mara, na zikianza kukwaruza usiongeze bomba kwenye mpini.

Kuna mlango wa pembeni unaostahili kutajwa. EK, watengenezaji wa cheni, wana linki ya skrubu: pini zake zina nyuzi, nati mbili zinalivuta bamba mpaka likae, kisha nati zinatolewa na ncha zenye nyuzi zinavunjwa. Ni ya cheni zao, lakini kwa mtu anayefunga cheni moja kila baada ya miaka kadhaa inaweza kumwondolea haja ya seti nzima.

*Inamfaa nani.* Mwenye pikipiki inayotaka linki ya riveti na anayependa kufanya kazi zake mwenyewe. Marafiki watatu au wanne wenye pikipiki kubwa wanaoweza kuchangia seti moja nzuri. Kwa mwenye cheni ya 428 ya klipu, sioni sababu.

Nati ya sproketi ya mbele

Kazi hii hukwama hapa mara nyingi kuliko kwenye cheni, na hapa ndipo zana isiyofaa huharibu kitu kisichobadilishwa kwa urahisi: shafti ya giaboksi. Kwa hiyo sheria moja kabla ya zana yoyote. Legeza nati ya mbele wakati cheni ya zamani bado ipo. Cheni ikiwepo, mtu mmoja akikanyaga breki ya nyuma, sproketi inashikwa na gurudumu zima. Ukishaikata, kilichobaki cha kuishika ni gia ndani ya injini, na meno ya gia hayakuumbwa kwa ajili ya kuvutwa na bomba la mita moja. Mpangilio huu peke yake unakuokoa kununua kishikio cha sproketi.

Na kabla ya kuvuta, angalia washa. Kama ukingo wake umekunjwa juu ya nati, ulaze chini kwa tindo butu. Nimemwona mtu akipambana na nati karibu saa nzima, akamwagia mafuta ya kulegeza, akaongeza bomba, kumbe washa bado inaishika.

Mwenye kibamba cha bolti mbili anaweza kuruka sehemu hii: soketi ya 10 na mkono wa kawaida vinamtosha. Mwenye klipu ya duara anahitaji plaizi ya klipu inayotanuka, kwani kuichokonoa kwa bisibisi mbili huirusha machoni. Mwenye nati kubwa ana chaguo tatu.

Mpini mrefu na soketi ya pembe sita ndiyo chaguo langu la kwanza. Ni polepole, unahisi kila kinachotokea, na hauhitaji umeme. Sisitiza pembe sita. Soketi ya pembe kumi na mbili inashika nati kwenye kona tu, na nati hizi mara nyingi ni nyembamba, kwa hiyo kona huliwa upesi. Udhaifu wake ni kwamba unahitaji mtu wa pili kwenye breki, au ubao imara uliopitishwa kati ya spoku au miguu ya rimu na kuegemea kwenye swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma) iliyokingwa kwa kitambaa. Angalia ubao usiguse diski wala waya wa breki.

Mashine ya impakti, ya betri au ya upepo, inafungua kwa mapigo mafupi na karibu haihitaji kushikiliwa kitu. Kwa anayefanya kazi peke yake ni msaada mkubwa. Inahitaji soketi nyeusi zilizotengenezwa kwa mapigo, maana zile zinazong'aa zinaweza kupasuka. Na ni ya kufungulia tu. Kukaza nati ya sproketi kwa impakti ni kubahatisha kwa kasi.

Tindo na nyundo kwenye pembe ya nati hutumika sana, na mara nyingine hufanikiwa. Ila kila kipigo kinaiumiza nati, na kikiteleza kinapiga kava au sili ya oili iliyo nyuma ya sproketi. Mimi ninaiona ni ya nati ambayo tayari imeharibika na inayobadilishwa. Spana ya kurekebisha, ile ambayo mafundi wengi huiita spana malaya, usiilete hapa kabisa.

Sproketi ya nyuma ni ya upole zaidi. Legeza nati zake kabla ya kutoa gurudumu, kwa spana ya pete, breki ikiwa imekanyagwa, na wakati wa kufunga zikaze kwa kupishana mshazari.

Vya kupimia

Kalipa inahitajika kwa njia ya tatu bila mjadala, na kwa zile nyingine inasaidia kujua ukubwa wa nati kabla hujanunua soketi. Spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza kwa Nm, inahitaji mawazo kidogo zaidi. Bolti ndogo za M6 zinazoshika kibamba cha mbele hukazwa kwa takriban 10 hadi 12 Nm, wakati nati kubwa ya sproketi au ya ekseli huzunguka 100 Nm kwenye pikipiki nyingi kubwa. Hakuna spana moja inayosoma ncha zote mbili kwa usahihi. Kama unaweza kununua moja tu, nunua ile inayofaa kiungo cha hatari zaidi kwenye pikipiki yako, na ufuate namba za kitabu cha modeli yako.

Kwa kusafisha, mafuta ya taa na brashi laini. Petroli na brashi ya waya huziua oringi.

Kwa hali yako

*Pikipiki ndogo, cheni ya 428 yenye klipu, sproketi ya mbele ya bolti mbili.* Nunua cheni yenye idadi kamili ya linki, na hutahitaji kukata chochote: plaizi, soketi ya 10, spana za ekseli. Ikiwa cheni inauzwa ndefu, kivunja cheni kidogo kinatosha. Hesabu linki za zamani mara mbili kabla ya kukata mpya, ukikumbuka kwamba ndani na nje zote zinahesabiwa.

*Pikipiki ya njia za vumbi yenye cheni ya 520 na klipu.* Kivunja cheni imara chenye kipande cha kubana bamba, na klipu mbili za akiba mfukoni. Kama una grenda nyumbani, saga vichwa kwanza, kifaa kitadumu.

*Pikipiki kubwa ya barabarani, riveti, na unabadilisha mwenyewe kila mara.* Seti kamili, kalipa, mpini mrefu, spana kubwa ya torki. Katika orodha hii usibane matumizi kwenye seti, na kama ni lazima kitu kisubiri basi impakti isubiri. Fanyia mazoezi kwenye cheni ya zamani: kata kipande na ukifunge kwa linki ya mazoezi kabla ya kugusa ile mpya.

*Pikipiki kubwa, lakini utafanya kazi hii mara moja tu.* Azima seti, au tumia linki ya skrubu ukiwa na cheni inayoikubali.

*Uko peke yako, bila umeme, bila mtu wa breki.* Ubao, mpini mrefu, tupa, kivunja cheni. Siku nzima iwe yako.

*Mkono wako bado haujazoea, na riveti inakutia wasiwasi.* Gawanya kazi. Toa kava, safisha, badilisha sproketi, panga cheni mpya mahali pake, kisha mwite fundi aje na seti yake afunge linki moja tu, maana pikipiki isiyo na cheni haiendi kwake. Msimamie, umpe kalipa, na umwombe apime vichwa vya pini zote mbili mbele yako, vikilinganishwa na namba iliyo kwenye karatasi ya cheni.